Waya Wenye Pini Pande Mbili

Shikamoo yako nitaipokea, lakini kwanza weka huo waya chini.

Ndivyo ninavyowaambia vijana wanaoingia kibandani kwetu hapa Gerezani, mdomo unasalimia huku vidole vinachezea ncha za shaba kama vinahesabu tasbihi. Wengine hununa. Mmoja aliniambia, "Bibi, mbona mkali, hata haujachomekwa." Nikamuuliza amejuaje. Akautazama ule waya, akaufuata kwa macho mpaka nyuma ya meza ambako hakuona mwisho wake, akauweka chini taratibu. Huyo sasa ni fundi mzuri, ana kazi zake Buguruni, na bado akija huuweka waya chini kabla ya salamu.

Mimi naitwa Somoe. Kwetu ni kusini, upande wa Lindi, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nimesuka mota na jenereta za Kariakoo maisha yangu yote ya utu uzima, na kwa miaka mingi nilikuwa natengeneza umeme wa maboti ya matanga, yale ya kutembeza wageni visiwani. Kibanda sasa anakishika mjukuu wangu Shani. Ndiye aliyeninunulia daftari, akaniambia niandike, kwa sababu nikiongea wateja wanacheka na kusahau.

Basi andikeni moyoni jina la Mzee Chipande. Kama kuna kitu nakijua, nilikitoa kwake.

Nilimjua nikiwa mama lishe. Nilikuwa nawapikia mafundi wa mtaa ule ugali na dagaa, na mchana wakati nangoja vyombo virudi nilikaa karibu na meza yake. Yeye alikuwa anasuka mota. Mota iliyoungua unaitoa shaba yake yote, unahesabu ilikuwa mizunguko mingapi, halafu unairudishia shaba mpya mizunguko ileile, si zaidi si pungufu. Kosea mizunguko mitatu na mota italia kama mbuzi. Siku moja alikuwa anahesabu, mteja akamkatisha kwa maswali, akasahau amefika wapi. Nikamwambia, mia moja na kumi na nne. Akanitazama. Akafungua, akahesabu upya toka mwanzo, ikawa mia moja na kumi na nne. Akaniuliza nimehesabuje na huku naongea na watu. Nikamwambia kwetu tunasuka mikeka, na msukaji wa ukili huhesabu huku anasengenya.

Kesho yake akaniwekea kigoda. Mafundi wengine walicheka wiki nzima. Mama lishe kaacha mwiko kashika koleo, leo tutakula nyaya. Mzee Chipande hakunitetea hata kwa neno moja. Alinipa kazi tu, na kazi ikiwa mbaya alinirudishia, na ikiwa nzuri hakusema kitu. Mpaka leo naona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizonipa, kwamba hakunipunguzia.

Alikuwa mtu mfupi, mguu mmoja ulikuwa unamsumbua, anavaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufungua jenereta la dizeli. Pete na saa alivua nyumbani. Akigusa kitu asichokiamini alikigusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu umeme hukaza misuli, na kiganja kikikaza kitashika kilekile kinachokuua, ila mgongo wa mkono hurudi nyuma. Mkono mwingine aliuweka mfukoni. Watu walidhani anajidai. Alikuwa anauzuia umeme usipate njia ya kuingia mkono huu na kutokea ule, kupitia moyoni.

Na hakuamini swichi. Alikuwa na taa yake ya kupimia, balbu ya kawaida iliyofungwa kwenye kipande cha ubao na nyaya mbili. Kabla ya kushika popote aliipima kwanza ile taa mahali anapojua pana umeme, aone inawaka. Halafu anapima pale anapotaka kufanya kazi, aone haiwaki. Halafu anarudi tena pale penye umeme, aone bado inawaka. Mara tatu. Nilimuuliza kwa nini mara ya tatu. Akasema, je, kama balbu imeungua katikati? Shani ana kipimo cha kisasa chenye namba kwenye kioo, kinajua mambo ambayo sisi tulikuwa tunayanusa, na mimi nakipenda kuliko ninavyomwonyesha. Lakini hata hicho anakipima mara tatu. Hilo sikumwachia achague.

Sasa kulikuwa na desturi pale mezani kwake ambayo sijaiona kwingine. Mchana, kabla mtu hajagusa ugali, kila mmoja husema kazi gani imetoka mikononi mwake tangu asubuhi na imekwenda kwa nani. Mota ya fulani, nimebadilisha beringi. Ekstensheni ya muuza juisi, nimefunga upya. Hakuna kula mpaka useme. Na yeye alisema, tena mara nyingi alianza yeye. Siku moja alianza kusema, akanyamaza katikati. Akasema, nimemfungia mtu wa Buguruni pampu yake, na skrubu moja ya ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, naiona hapa mezani. Akanyanyuka. Ugali ulikuwa unatoa moshi na samaki yule alikuwa changu wa nazi, nilimpika mwenyewe. Akaenda Buguruni na ule mguu wake, akarudi alasiri, akala baridi. Nilikuwa bado naosha vyombo siku hizo, na nilikiosha kile kisahani chake kwa adabu.

Niwape habari moja ya moshi, kwa sababu naona siku hizi mmerudia ujinga uleule. Wakati wa mgao wa umeme Kariakoo nzima ilikuwa inanguruma majenereta. Muuza vitambaa mmoja wa Mchafukoge aliliweka lake ndani, chini ya ngazi, akafunga mlango lisiibiwe. Ghorofani watu wakaanza kuumwa kichwa. Mmoja akatapika, wakalaumu maharage. Tuliitwa kwa sababu jenereta lilikuwa linakohoa. Mzee Chipande alifungua ule mlango, akasimama sekunde moja, akalizima jenereta, kisha akapanda ngazi na kuwatoa watu wote barabarani. Kulikuwa na bibi mmoja aliyegoma kutoka bila kandambili zake. Mzee akamvulia za kwake, akamvika, akamshusha. Alisimama juani peku na shati lake lenye pasi, mguu juu mguu chini kwa joto la lami, mpaka madirisha yote yalipofunguliwa. Jenereta hatukuligusa tena siku ile.

Kumbukeni hilo mkienda kwenye maboti. Boti limezibwa maji yasiingie, na palipozibwa maji hata hewa hupita kwa shida. Jenereta la petroli likae nje, upepo uuchukue moshi wake uupeleke baharini na usiingie kule chini wanakolala watu. Sumu yenyewe iliyomo kwenye moshi haina harufu. Mtu anasinzia tu, anaona raha, na haamki.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya waya wangu.

Kwenye mgao ule mafundi wa Kariakoo tulikuwa na dawa yetu. Duka lina soketi ukutani, jenereta lina soketi zake. Tulichukua waya mnene, tukafunga plagi yenye pini upande huu, na plagi yenye pini upande ule. Dume kwa dume. Upande mmoja unachomeka kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, na umeme unaingia dukani kinyumenyume, taa zote zinawaka. Ukisahau kuzima meni, ile swichi kuu ya duka, umeme wako unatoka mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda juu anaamini hakuna umeme. Na ukichomoa upande mmoja huku jenereta linawaka, umeshika mkononi pini tupu zenye moto. Mzee Chipande hakuutaka waya ule mezani kwake. Lakini mtaa mzima ulikuwa unautengeneza, nami nilijua kuutengeneza upesi kuliko wote.

Asubuhi moja Mzee alikwenda kununua shaba. Akaja mtu mrefu, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, Kiswahili chake cha wenyeji wa mjini, wale ambao babu zao wamezikwa hapahapa. Akauliza kama fundi yupo. Nikamwambia fundi ni mimi. Akatabasamu kidogo.

"Dada, namaanisha fundi mwenyewe."

Hilo neno ndilo lililonipeleka. Msicheke, litawapeleka na nyie siku moja. Nikamwambia aseme shida yake. Alikuwa Nahodha Hashimu, ana boti la matanga la kutembeza wageni, linafungwa kwenye gati dogo la mtu binafsi nyuma ya maghala ya bandarini. Gati lina umeme wake, na boti likiwa limefungwa hupokea umeme huo kwa waya mrefu kutoka nchi kavu. Sasa mgao umeukata, na ule waya mrefu wenyewe umeungua kichwa. Ana friji limejaa samaki na wageni wanapanda saa kumi. Jenereta dogo analo. Alitaka njia ya kuingiza umeme wa jenereta kwenye boti.

Nikamuuliza, ndani ya boti kuna soketi za kawaida? Akasema zipo jikoni. Nikamwambia akae. Nusu saa nilikuwa nimemfungia dume kwa dume, nyaya zimebanwa vizuri, nimeupima kwa taa mara tatu, nimefanya kila kitu sawa. Nikamwambia achomeke kwenye jenereta na kwenye soketi ya jikoni. Akaugeuzageuza, akasema, "Kumbe kweli fundi." Nilivimba kichwa mpaka adhuhuri.

Mzee alirudi, akaswali, tukaketi. Kila mmoja akasema kazi yake. Ikafika zamu yangu, nikasema kwa sauti ya kutosha mafundi wa jirani wasikie, kwamba nimemtengenezea nahodha waya wa jenereta. Akauliza waya gani. Nikamwambia. Nilijua atanuna kwa sababu ya dume kwa dume, nikaharakisha kujitetea kuwa ule wa gati umeshachomolewa, umeungua, kwa hiyo hakuna nguzo wala mtu wa kudhuriwa.

Hakununa. Aliuliza swali moja.

"Pale waya wa gati unapoingia kwenye boti, ubavuni, boti lina pini au lina matundu?"

Sikujua. Sikuwahi kupanda boti kwa kazi.

"Lina pini, Somoe. Boti ndilo dume. Waya wa gati ndio wenye matundu."

Nawaelezea taratibu kwa sababu ndipo kosa langu lilipokuwa. Dukani, ukiingiza umeme kinyumenyume, unatoka kwenye nyaya zilizojificha ukutani. Kwenye boti unatoka ubavuni, kwenye pini za shaba zinazotazama nje, pale wapandaji wanaposhika, zimekaa karibukaribu kiasi cha kiganja kimoja kuzifunika. Zina kifuniko chenye springi, na chumvi huila springi ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa nimemfungia yule baba mtego, na mtu wa kunaswa alikuwa yeyote mwenye mkono uliolowa. Na kwenye boti, nani ana mkono mkavu?

Mzee alikwishanyanyuka. Nahodha hakuwa na simu, siku hizo zilikuwa za wachache. Magari yalikuwa yamesimama mpaka mzunguko wa Msimbazi kwa sababu taa za barabarani nazo zilikuwa mgaoni. Akaniambia nitangulie kwa miguu, nikifika nisiseme kitu, niende kwenye jenereta nizime.

Nilikimbia. Khanga ilinidondoka Gerezani, sikuirudia. Nilifika kwenye geti la lile gati, mlinzi akanisimamisha. Nikamwambia kuna umeme kwenye boti la Nahodha Hashimu. Akasema ndiyo, wenzetu wana bahati, sisi tuko gizani. Nikamwambia ni umeme mbaya. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye unga wa ugali uliokaukia mkononi, akasema wauza chakula hupita geti la nyuma. Nilitaka kumpiga. Kutoka pale nilikuwa nasikia jenereta linanguruma mwisho wa gati.

Mzee Chipande akatokea nyuma yangu, viatu mkononi, jasho limelowesha lile shati. Mlinzi akampa shikamoo. Mzee akamjibu marahaba, akamwambia, "Tupishe, mwanangu, kuna mtu anataka kufa." Alisema kama mtu anayeomba kiberiti. Geti likafunguka.

Boti lilikuwa limefungwa ubavu kwa gati. Juu yake, amechuchumaa ukingoni, alikuwa Bi Tatu, mke wa nahodha, ndiye mpishi wa boti. Ana ndoo ya maji na kitambaa, anafuta chumvi ubavuni, anataka wageni wakute panang'aa. Anafuta kwa bidii, anaimba kidogo. Umbali wa hatua mbili kutoka mkono wake niliona kile kifuniko kinaning'inia kwa skrubu moja, na pini mbili zinang'aa. Alikuwa anakuja upande huo. Anakamua kitambaa, anafuta, anasogea.

Nilifungua mdomo nipige ukelele. Mzee akanibana kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Baadaye alinieleza, mtu akishtuliwa akiwa ukingoni hushika kilicho karibu. Wakati ule sikuelewa, niliona anamwacha afe.

Akasogea mbele, hatua za kawaida, akasema, "Hodi, mama. Naomba maji ya kunywa. Nimetoka mbali na nina kiu."

Bi Tatu akainua uso. Akaona mzee, peku, jasho linamtiririka. Nyie mnawajua watu wa pwani, maji hayanyimwi, na huwezi kumpa mgeni maji ukiwa na tambara mkononi. Akasema, "Karibu baba, pole na jua." Akaliweka tambara kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye khanga, akanyanyuka, akashuka chini jikoni.

Nilishapanda. Sikumbuki nilipandaje. Nikazima jenereta, kukawa kimya kabisa mpaka nikasikia Bi Tatu anafungua mtungi kule chini.

Aliporudi na kikombe alikuta Mzee amechuchumaa palepale alipokuwa yeye, balbu yake mkononi. Akaanza kulalamika friji limezimwa na nani. Nahodha naye akatokea gatini na barafu begani, akadakia, wageni wanakuja, nani kazima. Mzee hakubishana nao. Alimwomba nahodha aitue barafu chini, awashe jenereta mwenyewe, na asimruhusu mtu kusogea. Likawashwa. Mzee, mkono mmoja mfukoni, akagusisha nyaya mbili za taa kwenye zile pini.

Balbu ikawaka mchana kweupe.

Akamwonyesha Bi Tatu kwa kidevu lile tambara kwenye ndoo. Bi Tatu alitazama tambara, akatazama balbu, akasogea mbali na ukingo. Nahodha alizima jenereta kabla hajaambiwa. Akauchomoa ule waya kule jikoni, akauleta, akauliza kwa sauti ya chini sana ni mwendawazimu gani aliyeutengeneza. Nadhani hasira ilimfanya asahau ameupokea kwa nani, au hakutaka kunitazama.

Mzee Chipande akasema, "Umetoka mezani kwangu."

Na angeliacha hapo, lingekwisha hapo. Angelibeba yeye. Nilijua hivyo, na najua alikuwa ananipa nafasi nipite. Mwanamke mmoja tu mtaa mzima anayesuka mota, na neno la nahodha yule lingefika kila meza ya Gerezani kabla ya magharibi. Nilisimama pale naona kigoda changu kinaondoka.

Nikasema, "Nimeutengeneza mimi. Sikuuliza boti lina nini ubavuni."

Maji yanapiga gati. Bi Tatu ndiye aliyesema, si mumewe.

"Ungeniua, wewe."

"Ndiyo, dada."

"Na umekuja mwenyewe."

"Ndiyo."

Akanipa kile kikombe alichomletea Mzee. "Kunywa, unatetemeka kuliko mimi. Halafu utukalie hapahapa mpaka uumalize huu umeme, maana mume wangu hana fundi mwingine na kule jikoni mimi simwamini tena mtu asiyeogopa."

Nilikunywa. Mzee akasubiri kikombe cha pili, maskini, na kweli alikuwa na kiu.

Wageni walirudishwa siku ile, samaki wakaliwa na walinzi. Nilikaa kwenye boti siku tatu. Mzee alinipa koleo nikakata ule waya wangu vipande vifupi, visivyofaa hata kufungia mzigo. Tukafunga chenjova, swichi ya kuchagua yenye sehemu tatu, umeme wa gati huku, jenereta kule, na katikati hakuna kitu, ili viwili visikutane kamwe na pini za ubavuni zisipate moto wa jenereta. Tukabadilisha ule waya uliokuwa umeungua kichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba boti hutaka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa kuwa linatikisika na waya wa uzi mmoja hukatika ndani kwa ndani. Kwamba kusokota na kuzungushia tepu, ambako dukani kunakaa miaka kumi, baharini kunageuka kijani ndani ya miezi miwili. Kwamba nusu saa baada ya kuchomeka unarudi unaigusa plagi kwa mgongo wa mkono, na kama ina joto, imelegea, itaungua.

Na kwamba kuchomeka kuna mpango wake. Swichi ya gati imezimwa, unaanza na upande wa boti, unamalizia na upande wa gati, ndipo unawasha. Kuchomoa unazima, unaanza na gati. Kwa njia hiyo hushiki kamwe ncha yenye umeme huku umesimama juu ya maji. Shani sasa hivi anafunga na vile vikata umeme vinavyoruka vyenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Siku ya kwanza nilipoona kimoja kinaruka nilimfikiria Mzee Chipande, jinsi ambavyo angekipenda, jinsi ambavyo angekipima mara tatu.

Tuliporudi mezani siku ya nne, mafundi wote walikuwa wameshasikia. Ugali ukawekwa. Nilijiandaa kusema langu, nilikuwa nimelipanga njia nzima. Mzee akaanza yeye, kama kawaida yake.

Alisema, "Mimi nimemfundisha Somoe duka, sikumfundisha boti, nikaenda kununua shaba nikamwachia meza. Hiyo ndiyo kazi iliyotoka mikononi mwangu." Akanigeukia. "Wewe?"

Nikasema nimefunga chenjova kwenye boti la Nahodha Hashimu, imepimwa, inafanya kazi. Akanawa, akala. Hakuna fundi aliyecheka siku ile, wala baada ya hapo.

Mzee alikwishatangulia mbele ya haki, na Nahodha Hashimu pia. Boti liliuzwa. Bi Tatu yupo. Anakaa Mchafukoge na mwanawe, ghorofa ya pili, magoti yanamsumbua, lakini Ijumaa moja moja hujikongoja mpaka kwangu. Wanaonijua wanajua mimi sikosolewi jikoni kwangu na mtu, hata Shani hathubutu.

Juzi alikuja. Akavua viatu, akaketi, akashika kikombe kwa mikono yake yote miwili, akanywa funda moja, akaniambia chai yangu nyepesi, na kwamba imekuwa nyepesi hivi tangu anijue.

Nikanyanyuka nikaenda kuongeza majani.